Dizeli Inaishia Wapi? Majibu kwa Wasomaji Wenye Magari ya Dizeli

Toleo hili nimelitenga kwa barua zinazohusu jambo moja, nalo ni ulaji wa mafuta wa magari ya kawaida ya dizeli, yale ya kwenda kazini na kurudi, ya kupeleka watoto shule na ya safari za mara mojamoja. Barua zilizouliza kitu kimoja nimeziunganisha na kuzifupisha, na majina ya walioziandika nimeyaacha. Jibu la kwanza ni refu kuliko mengine kwa sababu ndilo linaloeleza namna ya kupima, na bila kipimo majibu yaliyobaki hayatamsaidia mtu.

Swali: Gari lilikuwa linakwenda kilomita 15 kwa lita, sasa ni 12. Je, nibadilishe nozeli zote?

Shikamoo mwalimu. Nina gari la dizeli la lita 2.0, lenye tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi) na gia za mkono, ambalo limetembea kilomita 180,000. Zamani lita moja ilinifikisha kilomita 15, lakini kwa miezi minne sasa haizidi 12. Fundi aliisikiliza injini kwa dakika chache akasema nozeli zote nne, yaani vile vifaa vinavyopuliza mafuta ndani ya injini, zimechoka. Gari halitoi moshi, linawaka vizuri asubuhi, na nguvu haijapungua sana. Kitu kipya nilichofanya katika kipindi hicho ni kubadilisha matairi, kutoka 205/65 R16 kwenda 225/65 R16. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha.

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kulipa. Hujaniambia hizo kilomita 15 na 12 ulizipataje, na hapo ndipo tunapoanza. Ikiwa ni namba zinazoonyeshwa na kompyuta ya gari kwenye dashibodi, zichukue kama makadirio, kwa kuwa kompyuta haipimi mafuta yaliyotoka tangini. Hukadiria kutokana na muda ambao nozeli zimefunguliwa, na katika magari mengi hulipendelea gari kidogo. Ikiwa ni hesabu ya mshale wa tangi, basi hiyo si hesabu.

Kipimo cha kuaminika ni cha kujaza na kujaza tena. Nenda kwenye kituo cha mafuta, ujaze tangi mpaka bomba lijikate lenyewe mara ya kwanza, usiongeze hata tone, kisha uandike kilomita zilizo kwenye dashibodi. Endesha kama kawaida yako mpaka tangi libakiwe na robo hivi. Rudi kwenye kituo kilekile, pampu ileile ikiwezekana, gari likiwa limesimama mahali palepale, kwa sababu sakafu ikiinama kidogo hewa hubaki tangini na kukudanganya lita moja au mbili. Jaza tena mpaka bomba lijikate. Tuseme umetembea kilomita 612 na pampu imeandika lita 47.5: gawanya 612 kwa 47.5, utapata kilomita 12.9 kwa lita. Ukipenda hesabu ya lita kwa kila kilomita 100, gawanya 47.5 kwa 612, halafu uzidishe kwa 100, utapata 7.8. Fanya hivyo kwa matangi matatu mfululizo kisha utafute wastani, maana tangi moja linaweza kuharibiwa na wiki moja ya foleni.

Sasa tuyaangalie matairi yako, kwa sababu nadhani sehemu ya kilomita zako zilizopotea imo humo. Tairi la 205/65 R16 lina kipenyo cha milimita 673 hivi, na la 225/65 R16 lina milimita 699. Tofauti ni karibu asilimia 4. Gari huhesabu mwendo kwa mizunguko ya gurudumu na halijui kwamba tairi limekua, kwa hiyo dashibodi inaposema umetembea kilomita 612, barabarani umetembea karibu kilomita 636. Ukigawanya 636 kwa lita zilezile 47.5 unapata 13.4, si 12.9. Nusu kilomita kwa lita imerudi bila kugusa spana. Thibitisha kwa simu yenye ramani: safiri kilomita 50 kwenye barabara iliyonyooka, halafu ulinganishe namba ya simu na ya dashibodi. Hata hivyo hasara nyingine ya matairi hayo ni ya kweli, kwani tairi pana ni zito zaidi, hukata hewa zaidi, na kwa kawaida huwa gumu zaidi kulizungusha. Ningekuwa wewe ningerudi kwenye saizi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva, na hapohapo ningesoma kiwango cha upepo kinachotakiwa, nikakipima asubuhi matairi yakiwa ya baridi. Tairi lenye upepo pungufu hubonyea kila linapozunguka, na nguvu ya kulibonyeza hutoka kwenye tangi lako.

Baada ya matairi, kagua breki. Endesha kilomita kumi hivi kwenye barabara iliyo wazi, ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, simama taratibu, kisha usogeze kiganja karibu na rimu ya kila gurudumu bila kuigusa. Gurudumu moja likiwa na joto lililo wazi kuliko mwenzake wa upande wa pili, breki yake inashika. Nakumbuka gari dogo la mizigo lililoletwa kwangu likiwa limekwisha kubadilishiwa nozeli nne katika gereji nyingine, na mwenyewe akilalamika kwamba ulaji haujashuka hata kidogo. Tulipoliinua kwa jeki, gurudumu la nyuma la kushoto tulilizungusha kwa mikono miwili kwa shida, ilhali la kulia lilizunguka kwa kidole. Pini za kalipa, kile kishikio kinachobana pedi za breki, zilikuwa zimekauka na kushika kutu. Zilisafishwa, zikapakwa grisi yake, na kazi ikaisha kabla ya adhuhuri. Nilimsikitikia yule bwana kwa moyo wangu wote, kwa sababu zile nozeli zilizotolewa huenda zilikuwa na maisha ya miaka kadhaa mbele yake.

Cha tatu ni thamostati, vali inayofungua na kufunga njia ya maji ya kupoza injini. Injini nyingi za dizeli hufanya kazi vizuri maji yake yakiwa na joto la nyuzi 90 hivi za Selsiasi. Thamostati ikikwama wazi, maji huzunguka kwenye rejeta muda wote na injini haipati joto lake, kwa hiyo kompyuta huendelea kuipa mafuta ya injini baridi, oili hubaki nzito, na hakuna dalili nyingine utakayoiona isipokuwa mshale wa joto unaokaa chini kuliko ulivyozoea. Madereva wengi wakiuona uko chini hufurahi, wakidhani injini inapoa vizuri. Katika baadhi ya magari mshale umefanywa usitikisike hata joto likibadilika kwa nyuzi kadhaa, kwa hiyo mwombe fundi asome joto lenyewe kwa mashine ya uchunguzi baada ya nusu saa ya mwendo. Likisimama kwenye 70, umepata ugonjwa wako.

Nozeli ziwe za mwisho, kwa sababu ndizo ghali. Nozeli iliyochoka hushindwa kuyapuliza mafuta kama ukungu. Huyaacha yaingie kama matone, na matone hayaungui vizuri, kwa hiyo utaona moshi mweusi ukikanyaga, au utasikia injini ikigonga, au ikitetemeka gari likiwa limesimama. Wewe unasema moshi hakuna na injini inawaka vizuri, na hilo linanitia shaka juu ya hukumu ya fundi wako. Hata hivyo mtu asihukumu nozeli kwa sikio wakati vipimo vipo. Mashine ya uchunguzi huonyesha kila silinda inaongezewa au kupunguziwa mafuta kiasi gani ili injini itulie, na silinda iliyo mbali na wenzake hujitokeza mara moja. Kipimo cha pili unaweza kukitazama kwa macho yako: fundi hufungua vijibomba vya marejesho vilivyo juu ya nozeli, huunganisha kila kimoja na chupa ndogo inayopitisha mwanga, huacha injini iungurume kwa dakika chache, kisha hulinganisha. Chupa tatu zikiwa na kina kimoja na ya nne ikiwa imejaa maradufu, hiyo ya nne ndiyo yenye ubovu, na nyingine tatu hazina kosa. Mwambie fundi wako akufanyie kipimo hicho ukiwepo.

Swali: Je, kushuka mlima kwa nyutro kunaokoa mafuta?

Mwalimu, mimi na kaka yangu tumebishana mpaka tumechoka. Yeye kila akifika kwenye mteremko hutoa gia na kuacha gari liteleze, akisema injini inayounguruma polepole haiwezi kula kama inayozungushwa na gia. Mimi nasema ni hatari. Nani yuko sahihi?

Jibu: Wewe uko sahihi kwa sababu uliyoitaja, na pia kwa sababu ambayo hukuitaja. Injini ya dizeli ikiwa kwenye gia, na wewe umeondoa mguu kabisa kwenye pedali ya mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha, na nozeli hazipulizi chochote mpaka mizunguko ishuke karibu na ile ya kuunguruma. Hata pampu za zamani zisizo na kompyuta zina gavana, kifaa cha kudhibiti mizunguko ya injini, inayokata mafuta katika hali hiyo. Kaka yako anapoweka nyutro, injini hukosa wa kuizungusha, kwa hiyo lazima ilishwe ili isizimike, na injini ndogo ya dizeli ikiunguruma tu hutumia nusu lita hivi au zaidi kwa saa. Gari likiwa na kipimo cha ulaji wa papo kwa papo, mwonyeshe: kwenye gia kitasoma sifuri, na kwenye nyutro kitapanda.

Kwenye mteremko mrefu hasara ya mafuta ni ndogo ikilinganishwa na hatari. Gari lililo kwenye nyutro linazuiwa na breki peke yake, na breki zikishikwa kwa dakika kadhaa mfululizo hupata joto mpaka zinapoteza ushikaji. Dereva anayezima injini kabisa hufanya jambo baya zaidi, kwa sababu baada ya kukanyaga breki mara chache pedali huwa ngumu kama jiwe, na usukani nao huwa mzito.

Namwachia kaka yako haki yake katika jambo moja. Kwenye mteremko mdogo sana, gari lililo kwenye gia hupunguza mwendo kwa sababu injini inalizuia, na dereva hulazimika kukanyaga tena. Hapo tumia gia ya juu kabisa na uguse pedali kidogo tu, gari lishikilie mwendo wake.

Swali: Nikienda polepole safari nzima, nitaokoa kiasi gani kweli?

Husafiri kilomita 200 kwenda na 200 kurudi kila mwisho wa mwezi kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa, barabara inayoruhusu. Mke wangu anasema niende 90. Pia naomba kujua kama ni kweli kwamba dizeli haipendi kuendeshwa kwa mizunguko ya chini.

Jibu: Mkeo ana hoja nzito, na hesabu yake ni hii. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo. Gawanya 110 kwa 90, zidisha jibu kwa lenyewe, utapata karibu 1.5, maana yake hewa inalizuia gari kwa nguvu iliyozidi kwa nusu ukienda 110. Ulaji wenyewe haupandi kwa nusu nzima, kwa kuwa ugumu wa matairi haubadiliki sana na mwendo, lakini ongezeko ni kubwa kiasi kwamba utaliona kwenye pampu bila kutafuta miwani. Kwa upande wa muda, kilomita 200 kwa 110 ni saa moja na dakika 49, na kwa 90 ni saa mbili na dakika 13. Zimepotea dakika 24. Pima mara mbili kwa njia niliyoieleza juu, safari moja kwa mwendo wako na moja kwa mwendo wa mkeo, kisha amueni wenyewe kama dakika hizo zina thamani kuliko mafuta. Kama juu ya paa kuna keria isiyobeba kitu, ishushe kabla ya safari, kwa sababu hewa haijali kama keria ina mzigo au iko tupu.

Kuhusu mizunguko, msemo huo una ukweli kidogo uliotiwa chumvi. Dizeli yenye tabo hutoa msukumo wake mkubwa kati ya mizunguko 1,500 na 2,500 hivi kwa dakika, na ndani ya eneo hilo, kwa gia ya juu na mguu wa wastani, ndipo inapokula kidogo kwa kazi inayofanya. Kuondoka, kanyaga kwa uthabiti bila kusaga, badilisha gia ikifika karibu 2,000, na upande mpaka gia ya juu mapema. Kitu isichokipenda ni kukanyagwa mpaka chini ikiwa kwenye mizunguko 1,100 na gia ya tano, mlimani, gari likiwa limejaa watu. Hapo hutetemeka, hutoa masizi, na huumiza gurudumu zito la klachi. Ukiisikia inanung'unika kwa sauti nzito, shuka gia moja.

Lakini nikiruhusiwa kumfundisha dereva jambo moja tu, nitaacha mizunguko na kuchagua macho. Gari la kilo 1,500 linalokwenda kilomita 50 kwa saa limebeba nishati ya mwendo ya kilojuli 145 hivi. Lita moja ya dizeli ina megajuli 36, na injini barabarani hugeuza karibu theluthi moja tu ya nishati hiyo kuwa mwendo. Kwa hiyo kulifikisha gari kwenye 50 kutoka kusimama hugharimu karibu mililita 12 za mafuta. Kijiko kimoja cha mezani kina mililita 15. Kila unapokanyaga breki kutoka 50 mpaka kusimama, karibu kijiko kizima cha dizeli ulichokwisha kulipia kinageuka joto kwenye pedi. Ukienda 100 ni vijiko vitatu, kwa sababu mwendo ukiwa mara mbili nishati huwa mara nne. Simama hivyo kutoka 50 mara mia moja mjini kwa siku, umemwaga zaidi ya lita moja. Ukiiona taa nyekundu mbele ukiwa mbali, ondoa mguu mapema na uliache gari kwenye gia: nozeli zitajikata, gari litapungua mwendo lenyewe, na mara nyingi taa itageuka kijani kabla hujasimama. Achia nafasi kubwa kwa gari lililo mbele yako, uweze kuitumia badala ya breki. Sijui kifaa chochote cha kununua kitakachokupa faida ya kukaribia hiyo.

Swali: Taa ya chujio la masizi inawaka, ulaji umepanda, na fundi anataka kulitoa.

Mimi ni mama wa watoto watatu, gari langu ni la dizeli lenye chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Kila siku naenda kilomita nne kazini na kurudi, na kupitia shuleni. Hivi karibuni nimeona feni ikiendelea kuvuma baada ya kuzima gari, kuna harufu ya kitu kinachoungua, na mafuta yanaisha haraka. Wiki hii taa imewaka. Fundi anasema dawa ni kulikata chujio na kufuta kumbukumbu yake kwenye kompyuta.

Jibu: Pole, dada yangu. Gari lako linajaribu kujisafisha na halipewi nafasi. Chujio hilo huyazuia masizi yasitoke hewani, na likijaa kiasi fulani, kwa kawaida baada ya kilomita mia kadhaa, kompyuta huongeza mafuta ya ziada ili moshi upate joto la nyuzi 600 hivi na masizi yaungue yakawa gesi. Kazi hiyo huchukua dakika kumi mpaka ishirini za mwendo. Safari yako ni ya dakika chache, kwa hiyo unazima gari katikati ya kazi, feni inabaki ikivuma kupooza bomba, na kesho kompyuta inaanza upya. Mafuta yanayoongezwa kila siku kwa kazi isiyokamilika ndiyo unayoyaona yakiisha haraka.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni oili. Sehemu ya mafuta hayo ya ziada, yasipoungua, huteleza kwenye kuta za silinda na kuchanganyika na oili chini. Leo hii, injini ikiwa imepoa na gari likiwa mahali tambarare, chomoa kijiti cha oili. Ukikuta oili imepanda juu ya alama ya mwisho na inanuka dizeli, usiendeshe safari ndefu kabla ya kuimwaga na kuweka mpya, yenye majivu machache, ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Oili nyepesi kiasi hicho huiacha injini bila ulinzi.

Oili ikiwa salama, na taa iwe ile ya chujio pekee, isiyomulika wala kuambatana na taa nyingine ya hatari, toka kwenye barabara iliyo wazi ukaendeshe nusu saa bila kusimama, injini ikiwa juu kidogo ya mizunguko 2,000, mpaka taa izime. Isipozima, fundi mwenye mashine anaweza kuliamuru gari lijisafishe likiwa limesimama, na atazame pia vali ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, na mabomba ya tabo, kwa maana injini inayotoa masizi mengi kupita kiasi ina sababu yake. Usikubali chujio likatwe. Katika nchi nyingi ni kosa kisheria, na moshi utakaotoka baadaye utavutwa kwanza na watoto waliosimama mlangoni mwa shule. Baada ya hapo, lipe gari safari moja ya nusu saa kila wiki. Na siku utakapobadilisha gari, kwa safari za kilomita nne ningekushauri uachane na dizeli. Naipenda sana injini hii, lakini kazi hiyo si yake.

Swali: Je, dawa za kuongeza kwenye tangi na sumaku za bomba la mafuta zinafanya kazi? Na vipi kuchanganya mafuta ya taa?

Jibu: Wauzaji wa vifaa hivi husema kwamba vitaunguza mafuta ambayo injini yako inayaacha bila kuungua. Lakini injini ya dizeli isiyo na ubovu huunguza karibu mafuta yote inayopewa, zaidi ya asilimia 98, kwa hiyo mahali hapo hakuna akiba ya kuchukua. Hasara kubwa iko kwenye joto linalotoka na moshi na rejeta, na sumaku iliyofungwa kwenye bomba haina uwezo nalo. Shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira, EPA, limechunguza zaidi ya vifaa mia moja vinavyodaiwa kupunguza ulaji wa mafuta, na halikupata hata kimoja kilichoupunguza kwa kiasi kikubwa. Dawa ya kusafisha nozeli inaweza kuisaidia nozeli iliyochafuka kurudi hali yake, ila hairudishi chuma kilicholika, na nozeli safi haipati chochote kutoka kwayo.

Mafuta ya taa yasikaribie tangi lako. Lita yake ina nishati kidogo kuliko lita ya dizeli, kwa hiyo hata ukiyapata kwa bei ya chini sehemu ya unafuu huo inaishia barabarani. Tena dizeli ndiyo inayoilainisha pampu na nozeli zake, ambazo katika injini za kisasa hufanya kazi kwa shinikizo linaloweza kupita bari 2,000, na mafuta ya taa hayana ulaini huo. Ukitaka kuilinda nozeli, badilisha filta ya mafuta kwa wakati, na kama ina kizibo cha kutolea maji chini yake, kifungue mara kwa mara juu ya chombo cha kioo, uone kama kuna maji yaliyotulia chini ya dizeli.

Swali: Asubuhi huacha injini iungurume dakika kumi ipate joto kabla ya kuondoka. Nafanya vyema?

Jibu: Hapana, mzee wangu, na nakujibu kwa heshima zote nikijua desturi hiyo ilikuwa na sababu katika injini za zamani. Injini ya dizeli ikiunguruma bila kazi huunguza mafuta kidogo sana, kwa hiyo hupata joto taratibu mno. Dakika kumi zinaweza kupita na maji bado ni vuguvugu. Subiri nusu dakika oili ipande, ondoka, na uendeshe kwa upole bila kupita mizunguko 2,000 mpaka mshale wa joto utulie. Subira hiyo ihamishie mwisho wa safari: ukitoka kupanda mlima au kwenda mwendo mkubwa, iache injini iungurume dakika moja kabla ya kuzima, tabo ipoe na oili yake isiungue ndani.

Swali: Kitabu cha gari langu kinasema lita 4.5 kwa kilomita 100, nami sijawahi kushuka chini ya 6. Je, nimeuziwa gari bovu?

Jibu: Inategemea kitabu ni cha mwaka gani. Magari ya Ulaya yaliyotengenezwa kabla ya 2017 yalipimwa kwa utaratibu ulioitwa NEDC, ambao ulikuwa mwendo wa maabara wa kilomita 11 hivi kwa dakika 20, kiyoyozi kikiwa kimezimwa na gari likiongezwa mwendo kwa upole ambao hakuna dereva anayeutumia barabarani. Kuanzia Septemba 2017 ulianza kutumika utaratibu wa WLTP, wenye kilomita 23 na mwendo unaofika 131 kwa saa, na namba zake ziko karibu zaidi na za barabarani. Ikiwa la kwako lilipimwa kwa utaratibu wa zamani, lita 6 ni afya njema. Iandike hiyo 6 kwenye daftari pamoja na tarehe na kilomita, na uifanye kuwa kipimo cha gari lako. Siku itakapofika 7 kwa matangi matatu mfululizo, na safari zako ni zilezile, anza na upepo wa matairi kisha ufuate mpangilio wa jibu la kwanza.